Tambi za Mamumunye na Mshono wa Nyuma

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi ulichokuwa unakitafutia visingizio kwenye simu kimekwisha. Sisi huku hatujambo. Shemeji yako hajambo, ila amepungua kilo tatu bila kuombwa na mtu, na anamlalamikia kila anayemsikiliza kwamba mgonjwa ni mwingine na anayekonda ni yeye. Baba naye hajambo. Goti lake ndilo lile lile.

Najua utashangaa kuona bahasha wakati tulizungumza Jumapili. Nina jambo la kukuambia, na hiyo Jumapili nililianza mara tatu, na mara zote tatu nikaishia kukuuliza kama mvua imenyesha huko. Kwa mdomo limenishinda. Labda kalamu ina uso mkavu kuliko mimi. Ila nakujua, kwa hiyo nakuomba usirukie mwisho wa barua. Soma kwa mpangilio, kama ulivyokuwa unanisomea ripoti zangu za shule kabla ya kumpelekea Baba.

Unakumbuka daktari wa mifupa alivyotuambia mwaka ulipoanza. Goti la kulia la Baba limekwisha, linahitaji kubadilishwa, lakini hatalifungua mpaka Baba, aliyekuwa na kilo mia moja na nne, afike tisini na mbili. Alisema goti jipya haliwezi kubebeshwa mzigo uliolimaliza la zamani. Baba akamjibu kwamba yeye ameshonea watu wanene maisha yake yote na hajawahi kumrudisha mteja nyumbani akapungue kwanza. Daktari hakucheka. Mimi nilitazama dari.

Na goti hilo, dada, si la kutembelea tu, ni la kukanyagia cherehani. Tangu Baba ahamie kwangu, cherehani yake iko sebuleni karibu na dirisha, imefunikwa shuka. Shemeji yako, na ufundi wake wa umeme, alijitolea kuifungia mota. Baba akamwambia kwamba cherehani isiyokanyagwa haisikii. Wateja wake wa zamani bado wanakuja. Wanakaa, wanaongea, wanamwonyesha vitambaa, kisha wanaondoka navyo kwa sababu hakuna wa kuvishona. Kila anapoondoka mmoja, Baba huichukua futi yake ya kupimia na kuikunja upya, ingawa hakuikunjua. Nilikuwa nikiona hivyo naenda jikoni kutafuta kazi.

Kwa hiyo kazi ilikuwa jikoni. Mtaalamu wa lishe, mama mmoja mpole mwenye miwani ya kamba, alimuuliza Baba anakula nini jioni, Baba akasema tambi. Akamuuliza asubuhi, Baba akasema tambi zilizobaki jioni. Akaacha kuuliza za mchana. Unajua mwenyewe, Baba alizizoea tangu anajifunza ushonaji, kwa kuwa zinaiva kabla mteja hajamaliza kukasirika. Yule mama alisema tambi zenyewe hazina kosa, kosa ni ule mlima wake na mafuta yanayoteremka kandokando. Akanishauri nimtengenezee sahani ile ile kwa vitu vyepesi: mboga zilizokatwa nyembamba na ndefu, au zile tambi nyeupe zinazouzwa kwenye vifuko vya maji, zisizo na nguvu yoyote mwilini. Ndipo ulipotutumia lile boksi lenye vifuko kumi na viwili na kile kidude cha kuzungushia mboga, kinachofanya kazi kama kichongeo cha penseli.

Mimi napikia watu mia moja na sitini kila siku kwenye kantini ya kiwanda, kwa hiyo nilijiona hakuna mboga ya kunishinda. Siku ya kwanza nikachonga mamumunye matano, yale madogo ya kijani, yakatoka nyuzi ndefu nzuri mpaka nikamwita shemeji yako aje aone. Kisha nikayafanya kama tambi: maji yakachemka, chumvi, nikayatumbukiza, dakika nane. Mtu asiyejua kitu asingefanya kosa hilo. Inahitaji mpishi mwenye miaka kumi na tisa ya kazi. Nilichopakua kilikuwa bwawa, na mchuzi wa nyama ukielea katikati kama umepotea njia. Baba alikitazama kwa heshima, akauliza kama nimempa supu au maji niliyooshea sahani.

Kesho yake nikafungua kifuko kimoja cha zile nyeupe. Nilikuwa na haraka, sikusoma maelezo, nikakata kifuko na kumimina kila kitu kwenye mchuzi, pamoja na maji yake. Dada, yale maji yana harufu ya samaki aliyesahauliwa. Shemeji yako alikwenda kula mkate barandani. Baba alitafuna kwa muda mrefu, akaweka uma chini, akasema amekata nyuzi kwa meno miaka arobaini na hakujua kwamba ipo siku binti yake atampa azimeze.

Nilikasirika, na hasira ikanifundisha. Nikarudi shule peke yangu. Nimegundua kwamba mamumunye hayapikwi, yanatishwa tu. Unayachonga, unayanyunyizia chumvi, unayaacha kwenye chujio nusu saa yatoe maji, unayakamua kwa kitambaa safi, kisha unayapitisha kwenye kikaango cha moto sana, na ukihesabu mpaka tisini umeshachelewa. Mchuzi uwe mzito, maana mboga itauongezea maji yenyewe. Zile nyeupe unaziosha mara nne, unazichemsha dakika tatu, halafu unazikausha kwenye kikaango kikavu bila tone la mafuta mpaka zianze kulia kama viatu vipya. Harufu yote inaondoka. Kabichi ukiikata nyembamba na ndefu inavumilia kuliko zote. Yai moja likisambazwa jembamba kwenye kikaango, likakunjwa na kukatwa vipande vyembamba, linadanganya macho kabisa. Na papai bichi, sikutegemea, lakini papai bichi ndilo lililomfanya Baba anyamaze akala.

Dawa kubwa zaidi ilikuwa kuchanganya. Nilianza na theluthi moja ya tambi za kweli na theluthi mbili za mboga, zote kwenye sahani moja, mchuzi juu, pilipili manga ya kutosha. Baba akawa anazitafuta tambi zake humo ndani kama mtu anayetafuta jamaa zake kituo cha mabasi, na kila akimpata mmoja anafurahi. Kufikia mwezi wa pili akawa anamaliza sahani na kuniambia leo hukuharibu. Unamjua, hiyo kwake ni sifa.

Basi tukaenda kliniki tukiwa na matumaini makubwa. Mizani ikasoma mia moja na tatu.

Kilo moja, dada, baada ya wiki sita za kuchonga mamumunye. Kesho yake nilipofagia chini ya cherehani nikakuta chembechembe za biskuti, nikavuta ile droo ndogo ya bobini, nikakuta pakiti moja nzima na nusu ya nyingine zimepangwa vizuri kati ya nyuzi. Nilipomuuliza hakukana. Alisema hana haja tena ya mchezo huu wa kuchonga mboga, goti ameliharibu mwenyewe na atazikwa nalo, na cherehani nimtafutie mtu wa kuichukua kabla haijashika kutu. Alisema hivyo akitazama dirishani, kwa sauti ya kawaida, kama anayeniagiza chumvi. Nililia jikoni, sikufichi. Baba bila ile cherehani sijui ningemweka wapi ndani ya nyumba.

Sasa hapa ndipo ninapokuomba usome polepole.

Unakumbuka Baba hajawahi kuiamini mizani. Tangu tukiwa wadogo alikuwa anasema mizani ya watu ina matusi, lakini suruali haidanganyi mtu. Kitu pekee anachokiamini kuhusu mwili ni kiuno cha nguo aliyoishona mwenyewe. Na unakumbuka pia anavyoshona: hakuna suruali inayotoka mkononi mwake bila akiba ya vidole vitatu ya kitambaa kwenye mshono wa nyuma, kwa sababu mwili wa mteja, anasema, ni kama mgeni anayesafiri, hujui atarudi na mizigo kiasi gani.

Jumamosi moja alasiri Baba alikwenda kwa kinyozi, na kwa kinyozi yule hukaa saa mbili, moja ya nywele na moja ya siasa. Nikaitoa ile suruali yake ya kahawia. Nikafumua mshono wa nyuma kwa wembe, nikachota vidole viwili kutoka kwenye akiba ile ili kiuno kipanuke, nikaushona upya. Sikutumia cherehani kwa sababu angeona uzi umeguswa. Nilishona kwa mkono, mishono midogo midogo kama alivyotufundisha, nikaipiga pasi, nikairudisha kwenye kabati.

Jumatatu akaivaa. Nilikuwa nakaanga kabichi, nikamsikia akiniita. Alikuwa amesimama katikati ya sebule ameshika kiuno cha suruali kwa mkono mmoja, amekivuta mbele, mkono wa pili ameuingiza pale kwenye nafasi kama mtu anayepima kina cha maji. Alikaa hivyo kitambo, kisha akaomba mkanda. Siku hiyo hiyo akakupigia simu kukuambia kwamba suruali zimeanza kumuaga, na wewe ukapiga kelele za furaha mpaka shemeji yako akazisikia kutoka chooni. Kuanzia siku hiyo sikuona tena chembe ya biskuti kwenye droo. Alikula kabichi, alikula papai, alikula zile nyeupe na kusema kumbe zikilia kwanza zina adabu. Akaomba mwenyewe tambi za kweli zipungue, zikawa robo, kisha zikawa za Ijumaa tu.

Wiki mbili baadaye akasema, akiwa anavaa, kwamba ni ajabu: ile ya kahawia inalegea lakini ya kijivu haijapata habari. Uongo, dada, haukai peke yake, unadai mwenzake. Safari iliyofuata ya kinyozi nikafumua na ya kijivu.

Kwa hiyo uliponiuliza kwenye simu kama kweli Baba atakuwa amefika tisini na mbili kufikia tarehe ya upasuaji, na mimi nikakujibu kwamba kwa jinsi suruali zilivyo amefika au amebakiza kidogo sana, nilikuwa nakuambia habari za suruali nilizozifumua kwa mkono wangu. Na wewe kwa maneno hayo ukaenda kwa mkuu wako asiyecheka, ukaomba likizo yako yote ya mwaka, siku thelathini, uje umuuguze Baba. Nilikusikia ulivyofurahi ulipoipata. Nikasema hewala, karibu. Ningeweza kusema ukweli siku ile na sikusema.

Jumanne iliyopita tulikwenda kliniki. Mizani ikasoma tisini na sita. Mtaalamu wa lishe alimpongeza Baba mpaka akampa mkono, na daktari naye alisema ni kazi nzuri, lakini tisini na sita si tisini na mbili. Nafasi ya upasuaji ya tarehe kumi na mbili amepewa mgonjwa mwingine. Ya Baba imesogezwa miezi mitatu mbele.

Kwa hiyo likizo yako, dada, ukiichukua mwezi ujao utakuja kumuuguza mtu ambaye bado hajapasuliwa. Nimekupotezea au nimekaribia kukupotezea siku zako thelathini. Nakuomba radhi. Kama mkuu wako anaweza kuisogeza, mwambie leo. Na kama haiwezekani, nigombeze, nimestahili, mimi ni mdogo wako na nimezoea.

Nilikuwa nataka barua iishie hapo, lakini kuna la Baba pia.

Tuliporudi kutoka kliniki nilishindwa kuvumilia. Yeye alikuwa mezani anachambua kabichi, maana siku hizi huniondolea majani ya nje, na mimi nikamweleza yote, kahawia na kijivu, huku nimempa mgongo najifanya naosha chujio. Nilipogeuka alikuwa bado anachambua. Kisha akasema kwamba waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakukosea.

Alijua, dada. Alijua tangu Jumatatu ile ile ya kwanza. Alipoingiza mkono kiunoni pale sebuleni, nikadhani anapima alivyopungua, kumbe vidole vyake vilikuwa vinapapasa mshono. Aliniambia kwamba mshono wangu unalala upande wa pili tangu nikiwa na miaka tisa. Ndiyo maana aliniita Mashoto, akasema, na katika nyumba hii hakuna mwingine anayeshika sindano kwa mkono wa kushoto. Binti wa fundi nimekwenda kumdanganya fundi kwa sindano. Hata ningemwandikia jina langu kwa chaki ya bluu isingekuwa wazi zaidi.

Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza. Alisema kwanza alikasirika, akapanga kunirudishia suruali usoni. Kisha akafikiri kwamba mtu anayerudi nyumbani miguu imevimba baada ya kupikia watu mia na sitini, halafu anakaa chini na sindano kwa ajili ya tumbo la mtu mwingine, huyo hafai kuachwa awe mwongo. Akaona njia iliyobaki ni moja, apungue kweli, ili uongo wangu uwe umetangulia tu. Ndipo alipozitoa zile biskuti kwenye droo na kumpa kinyozi. Lile neno la suruali ya kijivu alilisema makusudi, aone kama nitarudia. Alicheka aliponiambia hilo mpaka akashika goti.

Na ile simu aliyokupigia kukuambia suruali zinamuaga, alikupigia akijua. Anasema nikuandikie kwamba katika kosa la likizo tuko wawili, na yeye ndiye mkubwa, kwa hiyo ukigombeza uanze naye. Anaona aibu kukuambia mwenyewe. Ndiyo maana Jumapili alikuwa kimya vile kwenye simu, hakunisaidia hata kwa neno moja, na wewe ukauliza kama anaumwa.

Juzi alinikabidhi ile ya kahawia, wembe na uzi, akaniambia nirudishe mshono mahali ulipokuwa. Nikashona yeye ameketi pembeni ananitazama mkono, kama zamani, akinikosoa mvuto wa uzi. Nilipomaliza akaenda kuivaa. Akarudi taratibu na fimbo yake, akasimama mbele yangu, hakuvaa mkanda. Suruali ile aliyoanza nayo mwaka inamkaa, na kidole gumba kinapita kiunoni.

Jana nilipotoka kazini nikakuta shuka limeondolewa juu ya cherehani. Hajashona, hawezi bado. Lakini amekata suruali mpya, kitambaa kile cha bluu ulichomletea mara ya mwisho, vipande vyote vimepangwa juu ya meza ya cherehani na kuwekewa pini. Amekata kwa kipimo cha mtu wa kilo tisini na mbili, na anasema ataishona mwenyewe siku goti jipya litakapokanyaga. Nilisubiri atoke, nikavigeuza vipande vya nyuma nikatazama. Hajaacha akiba hata ya kidole kimoja.

Basi nisikuchoshe. Shemeji yako anakusalimu na anakuomba utakapokuja umletee mkate halisi, pa kuuficha atajua mwenyewe. Baba anakusalimu sana, anasema vifuko vile vyeupe ukivipata uvilete, ila usimwambie mtu kwamba aliviomba. Kile kidude bado ni kizima. Nisalimie wenzako wa ofisini, hata yule asiyecheka, hasa yeye kwa sasa. Nijibu upesi kuhusu likizo, na nijibu kwa barua, maana kwenye simu Baba atakuwa anasikiliza.

Ni mimi mdogo wako,

Mashoto